Neno Moja Jukwaani: Historia ya Maonyesho ya Show Boat, 1927 hadi 2025

1.0 Utangulizi

Tamthilia ikishachapishwa, msomaji huishika mkononi akaamini kwamba ameishika yote. Katika riwaya imani hiyo ina haki yake. Katika sanaa za maonyesho haina msingi imara. Maneno ya tamthilia hayakamiliki mpaka yatamkwe na mtu fulani, mahali fulani, mbele ya watu fulani. Na watu hao wanapobadilika, maneno nayo hutikisika. Wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili wanalifahamu vyema jambo hili, maana wamefundishwa tangu mwanzo uhusiano wa fanani na hadhira. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba hata tamthilia zilizoandikwa, zikapigwa chapa na kulindwa na sheria ya hakimiliki, hupitia hali iyo hiyo.

Mhadhara huu unalichunguza suala hilo kwa kutumia mfano kutoka Marekani, yaani tamthilia ya muziki iitwayo Show Boat. Muziki wake ulitungwa na Jerome Kern, na maneno yakaandikwa na Oscar Hammerstein II. Tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1927 hadi leo, tamthilia hii imekuwa na matoleo mengi kiasi kwamba ni vigumu kusema lipi ndilo lenyewe. Mambo mawili yatafuatiliwa kwa karibu: neno la kwanza linaloimbwa pazia linapofunguliwa, na wimbo wa mhusika Joe, kuli wa bandarini. Hoja inayotetewa ni kwamba mabadiliko katika sehemu hizo mbili si marekebisho madogo ya lugha. Ni kumbukumbu ya mvutano wa muda mrefu juu ya nani mwenye mamlaka ya neno linapofika jukwaani: mtunzi, mwimbaji au hadhira.

2.0 Chimbuko la tamthilia

Show Boat ilitokana na riwaya ya jina hilohilo iliyoandikwa na Edna Ferber na kutolewa mwaka 1926. Jina hilo hurejelea vyombo vilivyokuwa vikisafiri katika mito ya Marekani vikiwa na ukumbi wa michezo ndani yake. Chombo hutia nanga kando ya mji mdogo, wenyeji hupanda, huangalia mchezo, na kesho yake chombo kikaendelea na safari. Kabla ya kuandika, Ferber alikaa siku chache katika ukumbi mmoja wa aina hiyo, James Adams Floating Theatre, huko North Carolina.

Hadithi inaanza miaka ya 1880 katika Mto Mississippi na kuishia mwaka 1927. Magnolia, binti wa Kapteni Andy Hawks, anampenda mcheza kamari, Gaylord Ravenal. Wanaoana, anaachwa, naye anajitegemea kwa uimbaji. Kando ya hadithi hiyo ya mapenzi zimo hadithi mbili nyingine zenye uzito zaidi. Ya kwanza ni ya Julie, mwigizaji mashuhuri wa chombo hicho, ambaye inagunduliwa kwamba ana damu ya Kiafrika ingawa watu wote walimdhania Mzungu. Mumewe, Steve, ni Mzungu, na sheria ya jimbo la Mississippi ilikataza ndoa ya namna hiyo. Steve anamchanja mkewe mkononi na kuinyonya damu yake, ili aweze kuapa mbele ya mkuu wa polisi kwamba naye ana damu ya mtu mweusi mwilini. Hata hivyo wote wawili wanalazimika kuondoka. Hadithi ya pili ni ya Joe na mkewe Queenie, mpishi wa chombo, pamoja na makuli weusi wanaobeba marobota ya pamba. Hao hawaondoki, miaka arubaini inapita, Wazungu wanapanda na kushuka, wao wangali palepale kazini.

Mtayarishaji wa onyesho la kwanza alikuwa Florenz Ziegfeld, aliyejulikana zaidi kwa maonyesho ya wasichana warembo na mavazi ya fahari. Baada ya majaribio yaliyoanzia Washington mwezi Novemba, onyesho lilifunguliwa katika ukumbi wa Ziegfeld jijini New York tarehe 27 Desemba 1927. Katika majaribio hayo lilikuwa refu kupita saa nne, na nyimbo kadhaa zikakatwa. Wakati ule hadhira ya Broadway ilizoea michezo ya kuchekesha ambamo hadithi ilikuwa kamba tu ya kuanikia nyimbo. Katika Show Boat nyimbo zilichipuka ndani ya hadithi yenyewe, na hadithi ilihusu ubaguzi, ulevi, kamari na ndoa iliyovunjika. Onyesho lilirudiwa mara 572.

Pamoja na upya huo, jukwaa la 1927 liliyabeba mazoea ya jamii yake. Kulikuwa na kwaya mbili, ya weusi na ya Wazungu. Jules Bledsoe, mwimbaji mweusi, aliigiza Joe; lakini Queenie aliigizwa na Tess Gardella, mwanamke wa asili ya Kitaliano aliyejipaka rangi nyeusi usoni. Kwa hiyo katika tamthilia inayosikitikia dhuluma ya rangi, mke wa Joe alikuwa Mzungu aliyepakwa weusi. Mkinzano huo haukuwa nje ya tamthilia. Ulikuwa ndani yake tangu usiku wa kwanza, na ndio uliosukuma mabadiliko yaliyofuata.

3.0 Robeson na wimbo wa Joe

Nafasi ya Joe ilikuwa imekusudiwa kwa Paul Robeson, lakini onyesho lilipocheleweshwa hakuweza kushiriki. Alizaliwa mwaka 1898. Baba yake alizaliwa utumwani akatoroka, akawa mchungaji wa kanisa. Robeson mwenyewe alisomea sheria kabla ya kugeukia uigizaji na uimbaji. Alimwigiza Joe kwa mara ya kwanza London, katika ukumbi wa Theatre Royal, Drury Lane, kuanzia tarehe 3 Mei 1928, huku Queenie akiigizwa na Alberta Hunter, mwimbaji mweusi. Aliirudia nafasi hiyo New York mwaka 1932 na katika filamu ya mwaka 1936 iliyoongozwa na James Whale.

Wimbo wa Joe, uitwao Ol' Man River, unamlinganisha binadamu na mto. Mto unajua mambo lakini hausemi. Unapita tu, hali watu walio kando yake wanabeba mizigo, wanapigwa, wanafungwa. Hammerstein aliuandika kwa kuiga lahaja ya weusi wa kusini mwa Marekani, na hisia inayoutawala ni uchovu wa mtu asiyeona njia ya kutoka. Mtunzi alikusudia wimbo huo uiunganishe hadithi yote, na kweli hurudi tena na tena kama kiitikio cha tamthilia nzima.

Katika miaka hiyohiyo Robeson alikuwa anaishi London, na hapo ndipo historia ya tamthilia hii inapokutana na Kiswahili. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930 alijiandikisha katika chuo kilichoitwa School of Oriental Studies, ambacho leo kinajulikana kama SOAS, akasoma fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 1935 aliigiza katika filamu ya Sanders of the River, ambamo miongoni mwa waigizaji wadogowadogo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati huo. Filamu hiyo ilipokamilika iliutukuza ukoloni wa Kiingereza, na baadaye Robeson aliikana. Alikuwa amejifunza kwa uchungu kwamba mwigizaji anaweza kuitoa sauti yake kwa nia moja, ikatumiwa kwa nia nyingine.

Funzo hilo linasaidia kueleza alichokifanya na wimbo wa Joe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, katika matamasha yake nje ya tamthilia, Robeson alibadili baadhi ya maneno. Mahali palipokuwa na uchovu wa maisha na hofu ya kifo, aliweka nia ya kuendelea kupambana. Aidha, alipunguza ile lahaja ya kuigizwa, akaondoa neno la matusi lililokuwamo. Muziki haukuguswa hata noti moja. Hata hivyo maana iligeuka: mto ulibaki vilevile, lakini mtu aliyesimama kando yake alikuwa mwingine.

Hammerstein hakulifurahia jambo hilo, na alieleza hadharani kwamba hakubali maneno yake yabadilishwe. Msimamo wake haukuwa wa kipuuzi. Alikuwa mtunzi aliyeamini kwamba Joe ni mhusika wa wakati wake na mahali pake, na kwamba kuuweka mdomoni mwake ushujaa wa mwaka 1940 ni kuuficha ukweli wa mwaka 1887. Robeson kwa upande wake hakuwa akimwigiza Joe tena. Alikuwa mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani akisimama mbele ya watu kwa jina lake mwenyewe. Mmoja alidai haki ya maandishi, mwingine haki ya kinywa. Sheria ya hakimiliki ilikuwa upande wa kwanza. Masikio ya wengi yalikwenda upande wa pili.

Serikali ya Marekani ilimnyang'anya Robeson hati ya kusafiria mwaka 1950, akairejeshewa mwaka 1958. Mwezi Novemba 1960 aliwaimbia wajenzi wa jumba la opera la Sydney, Australia, lilipokuwa bado halijakamilika, na wimbo huo ulikuwa miongoni mwa alizoimba, kwa maneno yake. Kuli wa jukwaani alikuwa sasa anawaimbia makuli wa kweli, wakiwa juu ya majukwaa yao ya kujengea.

4.0 Neno la kwanza

Pazia la mwaka 1927 lilipofunguka, kwaya ya makuli weusi iliimba juu ya kazi yao ya kubeba pamba huku Wazungu wakijifurahisha. Neno la kwanza kabisa la wimbo huo lilikuwa tusi zito ambalo weusi wa Marekani wametukanwa nalo tangu enzi za utumwa. Waliolitamka walikuwa waimbaji weusi, lakini aliyeliandika alikuwa Mzungu, na hadhira iliyolilipia tiketi ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Wazungu.

Historia ya neno hili ni kama kipimo cha joto la jamii. Katika filamu ya mwaka 1936 liliondolewa, pakawekwa neno jingine la kudharau lakini lenye ukali mdogo zaidi. Mwaka 1946 Hammerstein alipoirejesha tamthilia jukwaani New York, miezi michache baada ya kifo cha Kern, makuli waliitwa "watu wa rangi", msemo uliohesabiwa kuwa wa adabu siku hizo. Katika filamu ya mwaka huohuo iliyohusu maisha ya Kern, rangi haikutajwa kabisa. Nafasi ya jina la watu ikachukuliwa na "sisi sote hapa".

Inafaa kutua kidogo kwenye badiliko hilo la mwisho. Kisarufi ni badiliko dogo: nomino imeondolewa, kiwakilishi kimeingia. Kimaana ni kubwa mno. Ukisema "sisi sote hapa tunafanya kazi", umeondoa tusi, lakini umeondoa pia mashtaka. Wimbo ulikuwa unasema kwamba kundi moja linafanya kazi ili jingine listarehe. Sasa kundi la kwanza halina jina. Lugha ya adabu imeweza kumsitiri aliyetukana kuliko kumsitiri aliyetukanwa.

Tatizo hilo lilijitokeza waziwazi mwaka 1988. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1982, makasha ya nakala za muziki yalikuwa yamegunduliwa katika ghala moja huko Secaucus, New Jersey, na miongoni mwake zilikuwamo kurasa za Show Boat zilizodhaniwa kupotea. Kiongozi wa okestra John McGlinn alizitumia kurekodi tamthilia yote katika santuri tatu, pamoja na nyimbo zilizokatwa mwaka 1927. Kwa kuwa lengo lake lilikuwa kurudi kwenye asili, alilirudisha pia neno la kwanza. Kwaya ya waimbaji weusi iliyokuwa imealikwa ilikataa kuliimba, ikajitoa. Nafasi yake ikachukuliwa na kwaya nyingine. Bruce Hubbard, mwimbaji mweusi aliyechukua nafasi ya Joe, alikubali kuendelea. Watu wenye hadhi moja ya kisanaa, waliosoma ukurasa mmoja, walifikia maamuzi mawili tofauti, na yote mawili yalikuwa na sababu. Kwa upande mmoja, kulisafisha neno ni kuisafisha historia. Kwa upande wa pili, si kazi ya mjukuu kulitamka tena tusi la babu yake ili santuri iwe kamili.

5.0 Mwili wa Julie

Suala la mamlaka halikuishia kwenye maneno. Julie ni mwanamke mwenye damu ya Kiafrika, lakini kwa miaka mingi aliigizwa na wanawake Wazungu, kuanzia Helen Morgan mwaka 1927. Lena Horne, mwimbaji mweusi, alipewa sehemu fupi ya Julie katika filamu ile ya mwaka 1946; lakini MGM ilipotengeneza filamu kamili ya Show Boat mwaka 1951, nafasi ilikwenda kwa Ava Gardner, na sauti ya kuimba ikatoka kwa mwingine. Kanuni za maadili za filamu za wakati huo zilikataza kuonyesha mahusiano ya kimapenzi baina ya weusi na Wazungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilizibatilisha sheria za kukataza ndoa hizo mwaka 1967, yaani miaka arubaini baada ya Steve kuinyonya damu ya mkewe jukwaani kwa mara ya kwanza.

London ilitangulia: mwaka 1971 Cleo Laine, ambaye baba yake alikuwa Mjamaika, aliigiza Julie katika ukumbi wa Adelphi. Huko Broadway ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1983, Lonette McKee alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuigiza nafasi hiyo. Hapakubadilishwa neno hata moja kwa ajili yake, lakini maneno yaleyale yalisikika upya, maana aliyekuwa akifukuzwa hakuwa tena Mzungu anayejifanya.

6.0 Toronto, 1993

Onyesho lililozua mjadala mkubwa zaidi lilikuwa lile lililoongozwa na Harold Prince, ambalo lilianza Toronto, Kanada, mwezi Oktoba 1993, katika jumba jipya lililomilikiwa na mji wa North York. Kabla pazia halijafunguliwa, wakazi weusi, wengi wao wenye asili ya visiwa vya Karibi, walikuwa wamekwisha kuandamana kulipinga. Mwandishi M. NourbeSe Philip alitoa kitabu kidogo mwaka huohuo kikieleza sababu za upinzani.

Hoja za wapinzani zilikwenda mbali kuliko neno la kwanza, ambalo Prince hakulitumia; alirudia "watu wa rangi" ya mwaka 1946. Walisema kwamba, hata likisafishwa kila neno, umbo la tamthilia lingebaki lilelile: weusi ni mandhari, Wazungu ni hadithi. Joe anaimba vizuri, lakini mtazamaji anaondoka bila kujua alifikiri nini katika miaka arubaini, wala alizaa watoto wangapi. Hii ni hoja ya kifasihi, inayohusu mgawanyo wa sauti katika matini.

Prince alijibu kwa njia za jukwaa. Mabango ya kutenganisha Wazungu na weusi yaliwekwa mahali yanapoonekana. Wafanyakazi weusi hawakutoweka wimbo wao ulipokwisha. Walibaki wakisukuma na kubeba, ili mtazamaji aone ni mikono ya nani inayoiendesha starehe ya wengine. Wimbo wa huzuni uliokatwa mwaka 1927, unaoimbwa na Queenie na wenzake, ulirudishwa. Onyesho lilihamia New York mwaka 1994, likarudiwa mara 947, na mwaka 1995 likapata tuzo ya Tony kwa tamthilia ya muziki iliyorejeshwa jukwaani. Je, wapinzani walishindwa? Kwa hesabu ya tiketi, ndiyo. Lakini tangu hapo imekuwa vigumu kwa mwongozaji yeyote kuigusa Show Boat bila kwanza kujieleza. Hadhira ilikuwa imedai sehemu yake ya mamlaka, na haikuirudisha.

7.0 Baada ya hakimiliki

Maonyesho yaliendelea katika karne ya ishirini na moja, mara nyingi mikononi mwa makampuni ya opera: Francesca Zambello aliliongoza Royal Albert Hall, London, mwaka 2006, na Chicago mwaka 2012. Badiliko kubwa zaidi hata hivyo lilikuwa la kisheria. Tarehe 1 Januari 2023, kazi zilizochapishwa Marekani mwaka 1927 zilitoka chini ya hakimiliki nchini humo, wimbo wa Joe ukiwa mojawapo. Mwezi Januari 2025 kundi la Target Margin Theater lilionyesha New York toleo lililoivunja tamthilia na kuiunda upya.

Kile alichokifanya Robeson kwa kukaidi, leo chaweza kufanywa Marekani na mtu yeyote bila kuomba ruhusa ya maneno yale ya 1927. Lakini kuondoka kwa mwenye mali hakukuondoa swali, kumelihamisha tu. Sasa mwongozaji hawezi tena kusema kwamba aliliweka neno fulani kwa sababu warithi wa mtunzi walimlazimisha. Kila neno atakalolibakiza atakuwa amelichagua.

8.0 Hitimisho

Uhakiki wa tamthilia za Kiswahili umeegemea sana kitabu. Hata hivyo wataalamu wa Kiswahili wanaujua vyema uzito wa neno moja. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakusema "wafanyabiashara". Na katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha, chaguo hilo lilikuwa tafsiri na uhakiki kwa pamoja. Lisilofanywa vya kutosha ni kufuatilia maneno ya namna hiyo yanavyoishi jukwaani mwaka hadi mwaka: nani aliyatamka, kwa lafudhi gani, lipi lilirukwa, hadhira ilicheka au ilinyamaza wapi.

Historia ya Show Boat inaweza kuandikwa kwa undani kwa sababu nakala za waongozaji, noti zilizotupwa ghalani, santuri na hata malalamiko ya waandamanaji vilihifadhiwa. Ghala la Secaucus lingekuwa limesafishwa mwaka mmoja mapema, ukurasa mzima wa historia hiyo usingekuwapo. Vyuo vikuu vinavyofundisha sanaa za maonyesho kwa Kiswahili vina wajibu uleule. Nakala ya mwongozaji yenye maneno yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu, tangazo lililobanduliwa ukutani na kanda ya sauti ya mazoezi ni matini sawa na kitabu kilichopigwa chapa. Mwanafunzi atakayetaka kujua miaka hamsini ijayo jinsi tamthilia fulani ya Kiswahili ilivyosemwa mbele ya watu, atahitaji kuvikuta vitu hivyo, na atakayevihifadhi ni mtu aliyeko ukumbini sasa.